Trauti wa ziwani: mfuate chini, tena polepole

Wadau habari zenu. Leo nataka kumtetea samaki mmoja, trauti wa ziwani. Ukienda kwenye gati la Grand Haven au Muskegon au Ludington, miji ya ufukweni mwa Ziwa Michigan huku Marekani, wakati wa kiangazi, alfajiri watu wanaposhusha boti majini, muulize yeyote anaenda kuvua nini, atakwambia samoni, yaani chinook. Mtu huyo huyo akirudi mchana na trauti wa ziwani watupu anasema leo hamna kitu, wakati boksi la barafu limejaa samaki wa kilo tatu, nne, tano. Wanasema ana mafuta sana, wanasema hana nguvu, wanasema ni samaki wa kuvua ukikosa kingine. Mimi nimezaliwa Kigoma, nimekua nakula mgebuka na kuhe na dagaa, sasa hivi niko huku magharibi mwa jimbo la Michigan ambako tuko Waswahili wengi, hasa ndugu zetu wa Kongo, na kila nikisikia maneno hayo naumia kabisa, kwasababu huyo wanayemdharau ndiye mwenye ziwa. Samoni ni mgeni aliyeletwa juzi tu.

Na nikisema juzi namaanisha juzi kweli. Samoni wa coho walitolewa upande wa Pasifiki wakaachiwa kwenye mito ya Michigan mwaka 1966, chinook wakafuata 1967. Walikuja kwa kazi maalum, ziwa lilikuwa limejaa visamaki vinavyoitwa alewaifu, navyo vya kuja, vilivyopenya kutoka Atlantiki kupitia mifereji ya meli, vikazaana mpaka vikawa vinakufa kwa mamilioni na kuozea ufukweni. Sasa jiulize vilipataje nafasi ya kuzaana namna ile. Vilipata kwasababu mkubwa wa ziwa, trauti, alikuwa ameshamalizwa.

Hii habari ya kumalizwa kwake inabidi niieleze vizuri maana wenzangu wengi wanavua hapa kila wikiendi na hawajawahi kuisikia. Kuna mnyama anaitwa lamprei, mrefu kama mkunga lakini hana taya, mdomo wake ni duara lililojaa meno, anaganda ubavuni mwa samaki, anatoboa ngozi na kunyonya damu na majimaji ya mwili. Ni wa baharini huyo. Maporomoko ya Niagara yalimzuia miaka yote asipande kwenye maziwa yaliyo juu yake, lakini binadamu wakachimba mfereji wa Welland kuyazunguka yale maporomoko ili meli zipite, mfereji ukafunguliwa 1829, ukawa unaboreshwa kila baada ya muda, na mwaka 1921 lamprei akaonekana Ziwa Erie. 1936 yuko Michigan, 1937 Huron, 1938 Superior. Lamprei mmoja katika maisha yake anaweza kuua samaki wa jumla ya pauni 40, yaani kilo 18 hivi. Trauti anakua polepole, ngozi yake magamba madogo laini, anakaa chini kwenye baridi, kwake hakuna pa kukimbilia. Ukiongeza na nyavu za wavuvi ambazo hazikupunguzwa hata samaki walipoanza kuadimika, kazi ikaisha. Kwenye maziwa ya juu, yaani Superior, Huron na Michigan, Marekani na Kanada walikuwa wanavua trauti pauni milioni 15 hivi kwa mwaka, kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilibaki kama pauni 300,000, na hapa Ziwa Michigan kwenyewe aliisha kabisa katikati ya miaka ya 1950. Kabisa, sio kupungua.

Kilichomrudisha ni kazi ya watu wavumilivu sana. Nchi mbili zikaunda Tume ya Uvuvi ya Maziwa Makuu (ya huku, sio ya kwetu Afrika) mwaka 1955, wanasayansi kwenye kituo cha Hammond Bay wakajaribu kemikali karibu 6,000, moja baada ya nyingine, wakitafuta itakayoua lamprei mchanga bila kuua samaki wengine, mpaka wakaipata, inaitwa TFM. Lamprei anataga mitoni na watoto wake wanakaa kwenye matope ya mto miaka kadhaa kabla ya kushuka ziwani, kwahiyo wanamfuata huko huko mitoni. Wamempunguza kwa asilimia 90 hivi, lakini kazi yenyewe haina mwisho, maana mwaka 2020 na 2021 timu zilipokwama kwasababu ya korona lamprei wakaongezeka tena mara moja. Superior, ambako trauti wachache walikuwa wamebaki, ndiko alikopona vizuri zaidi, na mwaka 2024 tume ikatangaza kwamba trauti wa Ziwa Superior amerudi kikamilifu, isipokuwa ghuba moja tu ya Whitefish.

Hapa Ziwa Michigan ambako alikuwa ameisha ilibidi wapandikize upya kuanzia 1965, na kuna kipande kimoja cha habari hii nakipenda kuliko vyote. Mwaka 1890 watu walichukua trauti wa Ziwa Michigan wakawapeleka mbali huko Wyoming, wakawaweka kwenye ziwa dogo la mlimani linaitwa Lewis, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, ambalo halikuwa na samaki. Wale trauti wakakaa huko vizazi na vizazi, ndugu zao huku wakaliwa na lamprei wakaisha, alafu baadaye wataalamu wakaenda Wyoming wakachukua mayai ya wale wajukuu wakayarudisha Ziwa Michigan. Yaani baadhi ya samaki tunaowavuta leo ukoo wao uliondoka hapa, ukakaa ugenini kwenye milima, ukarudi nyumbani. Sisi tuliotoka kwetu tukaja kuishi huku tunaielewa habari kama hiyo bila kuelezwa sana. Na kule kule Yellowstone kuna upande wa pili, trauti huyu huyu alipoonekana mwaka 1994 kwenye Ziwa Yellowstone lenyewe, ambako hakuwa wa hapo, akaanza kuwala trauti wenyeji wa kule vibaya sana, hifadhi imelazimika kuwatoa kwa nyavu, wameshatoa zaidi ya milioni nne. Samaki ni yule yule, kwao ni mwenyeji na kwa wengine ni balaa.

Haya, tuje kwenye kuvua kwenyewe.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba huyu ni samaki wa baridi. Anapenda maji ya nyuzi 8 mpaka 12 hivi za selsiasi, na mwaka mzima anayafuata hayo maji yalipo. Mwezi wa nne na wa tano ziwa zima ni baridi, basi anakuja hata karibu na ufukwe, unaweza kumpata kwenye futi 20 au 30 tu (huku kila kitu ni futi na maili, mtanisamehe). Kiangazi kikiingia jua linapasha maji ya juu, yanakuwa mepesi yanaelea juu ya maji baridi, na katikati kuna tabaka ambalo joto linashuka ghafla, wataalamu wanaliita themoklaini. Samoni anazurura hapo kwenye tabaka. Trauti anateremka zaidi, anakwenda kulala juu ya mchanga na mawe kwenye futi 100, 150, hata 200, na hapo ndipo wengi wanapompoteza, wanavua juu yake siku nzima wanasema ziwa halina samaki.

Mtu wa Kigoma atashtuka hapa. Kwetu Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani, lakini samaki wote wako tabaka la juu, kwasababu maji ya chini hayana oksijeni kabisa, upande wa kaskazini inaisha kwenye mita 100 hivi na upande wa kusini inafika mita 200 na kidogo. Kule hakuna majira ya baridi ya kuyageuza maji, ya chini yamekaa chini. Ziwa Michigan lina mita 281 tu lakini linajigeuza lote. Maji yana uzito mkubwa kabisa yakiwa nyuzi 4, kwahiyo vuli ikifika maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama na hewa yake mpaka chini, alafu masika inarudia tena. Ndio maana huku kuna samaki mkubwa anayekaa sakafuni kabisa mwa ziwa na anapumua vizuri. Mvuvi wa kwetu akija hapa na akili ya kuvua juu juu anaacha nusu ya ziwa.

Alafu upepo. Watu wanaangalia upepo kwa ajili ya mawimbi tu, hawajui unahamisha samaki. Upande wetu huu wa Michigan, upepo wa mashariki ukivuma siku mbili tatu unayasukuma maji ya moto kwenda ng'ambo ya ziwa, Wisconsin, na maji baridi yanapanda kutoka chini kuziba nafasi, unalala maji ya ufukweni ni ya kuogelea unaamka yanauma miguu. Siku kama hizo trauti anasogea karibu kabisa. Upepo wa magharibi ni kinyume, unarundika maji ya moto huku kwetu na samaki wanarudi mbali. Wavuvi wa Tanganyika wanaijua tabia hii, upepo wa kusini mashariki wa kuanzia mwezi wa tano unafanya hivo hivo kule mwisho wa ziwa, Mpulungu na Kasanga.

Njia yetu ni kurambaza, boti inatembea polepole na chambo kinafuata nyuma, tofauti ni kwamba hapa unatakiwa chambo kifuate nyuma na chini, futi 150 chini, bila kupanda. Kwa hilo kuna kifaa kinaitwa dauniriga. Ni winchi ndogo inafungwa ukingoni mwa boti, ina waya mwembamba wa chuma, mwisho wa waya kuna chubwi la risasi la pauni 10 au 12. Mshipi wako wa fimbo unaubana kwenye klipu juu kidogo ya lile chubwi, unashusha vyote pamoja, samaki akivuta mshipi unachomoka kwenye klipu na unabaki unapambana naye bila uzito wowote. Kuna saa ya kuhesabu futi pale kwenye winchi, lakini usiiamini moja kwa moja maana boti ikitembea waya unalalia nyuma, saa inaweza kusoma 170 na chubwi liko 150 tu. Njia nzuri ni kushusha mpaka chubwi liguse chini, utaona waya unalegea na fimbo ya winchi inanyanyuka, kisha unapandisha futi mbili tatu. Na kila baada ya dakika chache uliguseshe tena. Usiogope kugusa, likigonga chini linatimua tope, na trauti anakuja kuangalia ni nani anatimua tope, maana siku hizi chakula chake kikubwa ni gobi, samaki mdogo wa chini, naye ni wa kuja, aliingia na meli kutoka ng'ambo akaonekana mara ya kwanza 1990.

Chambo chetu cha kila siku ni doja na Spin-N-Glo. Doja ni bapa la chuma linaloyumba kulia kushoto, kazi yake kung'aa na kutikisa maji, halina ndoano. Nyuma yake unaweka kipande cha mshipi mgumu cha inchi 20 mpaka 30, shanga chache, kisha Spin-N-Glo yenyewe, kidude cha kuelea chenye vibawa viwili vinavyozunguka, halafu ndoano ya pembe tatu. Kwakuwa kinaelea, hata ukipunguza mwendo hakilali kwenye mchanga. Rangi, kule chini kwenye giza mimi nashika nyeupe, kijani na zile zinazong'aa gizani baada ya kumulikwa na tochi. Watu wana masanduku mazima ya rangi, mimi naona rangi ni jambo la tatu au la nne, kina kwanza, mwendo pili. Umbali kutoka kwenye chubwi uwe mfupi, futi 6 mpaka 15, ili doja lisizame likajikokota chini. Vijiko, yaani chambo za chuma zenye umbo la kijiko, navyo vinafanya kazi, hasa masika akiwa juu, na wakati huo huna haja hata ya dauniriga, mshipi wenye risasi ndani unatosha, ule unaobadilika rangi kila futi 30, kila rangi moja unayotoa inazama futi 5 hivi ukienda taratibu, au unatumia Dipsy Diver inayopeleka mshipi pembeni na chini. Sheria ya Michigan inaruhusu fimbo tatu kwa kila mvuvi, lakini boti ikiwa ndogo fimbo nyingi ni fujo tu, waya zikisukana kule chini siku imeharibika.

Sasa mwendo, na hapa ndipo pana siri yote. Samoni anavuliwa kwenye maili 2.3 mpaka 2.8 kwa saa. Trauti nenda 1.5 mpaka 2, basi. Boti tunayotumia ni ya mzee mmoja wa Uvira, alivua Tanganyika miaka mingi kabla ya vita kumtoa, namuita Papa kama wanavyoitana wao, na yeye ndiye aliyenifundisha kukaa na gia ya chini bila kuhangaika. Nikishika usukani nikaongeza kidogo tu anasikia kwenye injini. "Mutoto yangu, usikimbize. Ule samaki iko chini, iko naangalia, haina haraka." Na kweli ukiangalia kwenye sona, kile kioo kinachoonyesha kilichoko chini ya boti, unaona, mstari wa sakafu, na juu yake kivimbe kidogo kinainuka, kinafuata chubwi, kinafuata, kinafuata, dakika nzima, kisha kinarudi chini. Trauti ana tabia hiyo, anaweza kufuata chambo mbali sana bila kukigusa.

Ndio maana Papa hapendi kwenda mstari ulionyooka. Anapinda pinda, kila pindo lina sababu, boti ikikata kushoto fimbo za kushoto zinapunguza mwendo chambo kinashuka, za kulia zinaongeza mwendo chambo kinapanda, na yule samaki aliyekuwa anafuata tu anaona kama chakula kinataka kukimbia au kimechoka, anagonga. Fimbo iliyogongwa inakupa jibu. Ikiwa ya ndani ya kona maana yake wanataka polepole zaidi, ikiwa ya nje ongeza kidogo. Siku nyingine unapunguza gesi ghafla kwa sekunde chache, unaacha vyote vizame, unarudisha, na fimbo inainama hapo hapo. Kumbuka pia mwendo unaosoma kwenye GPS ni wa boti, kule chini kuna mkondo wake, unaweza kwenda 1.8 kuelekea kaskazini ukapata samaki, ukageuka kusini kwa 1.8 ile ile ukakosa kabisa, kwasababu chambo kinakwenda mwendo mwingine. Angalia pembe ya waya, ukiona umelala sana mkondo unakupinga, ukiona umesimama wima mkondo uko na wewe.

Na fuata mteremko. Ziwa sio sahani, kuna mahali sakafu inashuka kutoka futi 110 mpaka 150 kwa hatua chache, kuna vilima, kuna miamba. Ukipata samaki wawili kwenye futi 130 weka alama, rudi kwenye futi 130, usihame kwa hamu. Trauti wanakaa kwa makundi kwenye sehemu moja, na anaetaka kuzunguka ziwa lote anawapita.

Akigonga usitegemee fimbo ichomoke kwa kishindo kila mara. Wengi wanagonga alafu wanakuja na boti, fimbo inatikisa kichwa tu, tik tik tik, na mdogo unaweza kumburuta nusu saa bila kujua, kwahiyo klipu isibane sana, na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia ncha za fimbo tu. Ukishamshika hapo ndipo unagundua wanaosema hana nguvu hawajawahi kumvua kwa fimbo nyepesi. Haruki hewani, ni kweli. Anatikisa kichwa, anagoma, anarudi chini, anajizungusha kwenye mshipi, unamleta futi 40 anazichukua 30. Akikaribia juu utaona mapovu yanatangulia, hiyo ni hewa anayoitoa kwenye kibofu chake kadri anavyopanda, samaki wengine wa kina kirefu hawawezi hilo, wanafika juu tumbo limevimba. Hili ni jambo kubwa kwasababu lina maana trauti wa futi 150 anaweza kurudishwa akashuka mwenyewe, ila usimchezee. Mwezi wa nane maji ya juu yana nyuzi 20 na zaidi, kwake ni moto huo, kila dakika unayomshikilia juu kwa ajili ya picha unamuumiza. Mtoe ndoano akiwa ndani ya wavu majini, mtie kichwa mbele kwa nguvu kidogo kuelekea chini, aende.

Mimi wakubwa wote nawarudisha. Huyu samaki anachukua miaka sita, saba au zaidi ndio aanze kutaga, na anaweza kuishi miaka 40 na kuendelea, kwahiyo mkubwa uliyemshika anaweza kuwa na umri wa kijana wako wa sekondari au wa baba yake kabisa. Wale wa kushangaza wako Kanada, rekodi ya dunia ya fimbo ni wa pauni 72 aliyevuliwa Ziwa Great Bear mwaka 1995, na 1961 wavu ulitoa wa pauni 102 Ziwa Athabasca. Huku kwetu wa pauni 20 ni samaki wa kusimulia.

Na kabla hujamrudisha au kumweka, angalia mgongoni karibu na mkia, kuna kipezi kidogo laini kisicho na miiba. Wale wanaopandikizwa wanakatwa hicho kipezi, na wengi wana kipande kidogo sana cha waya chenye namba ndani ya pua, ndio maana wakati mwingine watu wa utafiti wanasimama kwenye vituo vya kusafishia samaki wanaomba vichwa. Wape. Kutoka kwenye kile kiwaya wanajua samaki alizaliwa wapi, aliachiwa wapi, ana miaka mingapi. Ukimkuta kipezi chake ni kizima, basi karibu kwa hakika huyo amezaliwa humu humu ziwani, juu ya mwamba fulani, vuli, bila msaada wa mtu. Kwa miaka mingi waliokuwa wanapandikizwa walikuwa wakikua na kutaga lakini watoto hawaonekani, sababu moja kubwa ni alewaifu, wana kitu mwilini kinachoharibu vitamini B1, trauti akiwala sana mayai yake yanakosa hiyo vitamini na vifaranga vinakufa. Ziwa Huron alewaifu walipoporomoka mwaka 2003 na 2004, trauti wa kuzaliwa ziwani wakaanza kuonekana kwa wingi, na huku Michigan nako tunawaona zaidi sasa. Mtu anaelia kwamba alewaifu wamepungua na samoni wanakonda ana haki ya kulia, lakini habari hiyo hiyo kwa trauti ni njema.

Usalama nitasema kwa kifupi lakini naomba msomaji asiruke. Haya ni maziwa, ila sio ya kuchezea. Superior ilimeza meli ya Edmund Fitzgerald, urefu wa futi 729, tarehe 10 Novemba 1975 na watu wote 29, sasa boti yetu ya futi 20 ni nini. Soma utabiri wa ziwa wa idara ya hali ya hewa jioni na asubuhi tena, vaa laifu jaketi mwilini sio kuikalia, redio ya VHF iwe chaneli 16, na kumbuka mwezi wa tano maji ni baridi kiasi kwamba anayejua kuogelea na asiyejua wanaweza kuzama sawa. Leseni kila mwenye miaka 17 na kuendelea, mwaka wake unaanza tarehe 1 Aprili, na idadi ya trauti unaoruhusiwa inatofautiana kwa eneo, kwahiyo soma kitabu cha sheria cha mwaka huo. Ukiona maboya yenye bendera mbali na ufukwe kaa mbali nayo, mengi ni nyavu za wavuvi wa makabila ya wenyeji, Waodawa na Waojibwe, haki yao ya kuvua hapa iko kwenye mkataba wa 1836 na mahakama ziliithibitisha, na zaidi ya hapo chubwi lako likinasa wavu wa mtu umejiletea hatari mwenyewe.

Kuhusu kula, wanaosema ana mafuta wanasema kweli, na mimi nasema hayo mafuta ndiyo utamu. Tatizo la mafuta ni kwamba yanahifadhi sumu za viwanda za zamani, zile PCB ambazo Marekani ilizipiga marufuku 1979 lakini bado zimo kwenye tope la ziwa, na samaki anayeishi muda mrefu anazikusanya. Jimbo linatoa mwongozo wa kula samaki kwa kila ziwa na kila urefu wa samaki, wa bure, akina mama wajawazito na wenye watoto wadogo waufuate neno kwa neno. Chukua wadogo wa kilo moja na nusu, mbili, toa ngozi yote, kata mafuta ya tumboni na ya mgongoni na ule mstari mweusi wa ubavuni, alafu pika kwa namna ambayo mafuta yanadondoka, juu ya makaa au kwenye wavu wa oveni. Zebaki haitoki kwa kukata mafuta, iko ndani ya nyama yenyewe, ndio sababu nyingine ya kuacha wakubwa.

Sisi tunamkausha kwa moshi. Papa anamlaza kwenye chumvi usiku mmoja, asubuhi anamfuta maji, anamwacha upepo umkaushe mpaka juu pawe na ngozi ya kunata, kisha moshi wa mti wa tufaha, moto mdogo, kwa muda wa saa nne au tano. Ukimpata hivo, mtie kwenye mchuzi wa nyanya, kitunguu na pilipili mbuzi ukiipata kwenye duka la Waafrika, mchuzi uwe mzito, ugali wa muhogo au wa sembe kwa chaguo lako. Nyumbani kwake tunabishana kuhusu ugali tu, samaki mwenyewe hajawahi kubaki.